Mafuta ya Figo

Mafuta ya figo hayafanani na mafuta mengine ya ng'ombe. Ya mgongoni ni laini na yana umanjano kidogo, hasa mnyama akiwa amenenepa kwa majani ya masika; ukiyashika yanateleza. Ya figo ni meupe na magumu, humeguka kama sabuni ya mche, nayo yameifunika figo kiasi kwamba mtoto aliyetumwa kuitoa kwa mara ya kwanza huipasua akiitafuta. Mimi niliipasua mara mbili. Mara ya tatu Baba alinishika mikono, akaviingiza vidole gumba vyangu chini ya utando, akasema vuta kuja kwako, polepole. Ikatoka nzima.

Hapo ni kwenye kibanda cha kuchinjia nyuma ya bucha letu, wilaya ya Kongwa, nami nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Miaka kama ishirini baadaye nilikuwa nimekaa darasani, mwanafunzi wa uchungaji, mwalimu wetu akafika kwenye Mambo ya Walawi. Akatuambia sura saba za mwanzo tuzisome wenyewe, hazitatoka kwenye mtihani, maana mambo yale yalikwisha msalabani. Darasa likafurahi. Mimi nilinyong'onyea, kwa sababu katika Biblia nzima zile ndizo sura nilizokuwa nazijua kwa mikono.

Baadaye nami nikawa mwalimu, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimezifundisha sura hizo nikianza na mafuta. Sura ya tatu inaeleza sadaka ya amani. Vinavyopanda madhabahuni kuteketezwa ni mafuta yanayofunika matumbo, figo mbili pamoja na mafuta yake, na kile ambacho Biblia yetu ya mwaka 1952, ile tuiitayo Union, inakiita kitambi cha ini. Hapo wanafunzi hucheka, kila mwaka, bila kukosa. Kila mmoja anamwona mheshimiwa wake. Huwaacha wacheke, kisha nawaeleza kwamba ni kipande kidogo cha ini kinachoangalia upande wa figo. Kwa kondoo huongezwa mkia mzima wa mafuta, ukatwe pale unapoungana na uti wa mgongo. Mkia huo uliwashinda Waingereza. Kondoo wao wana mikia myembamba, basi katika Biblia yao ya mwaka 1611 wakaandika neno la matako. Mgogo wa kwetu Kongwa haoni tabu yoyote: kondoo wake anatembea na mkia huo kila siku, umening'inia kama mfuko.

Nyama yenyewe haiteketezwi. Kidari na paja la kuume ni fungu la makuhani. Iliyobaki ni ya mwenye mnyama, na jamaa zake, na yeyote aliyealikwa akiwa safi. Tena wanapewa muda. Sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, ya nadhiri hadi kesho yake, na kitakachofika siku ya tatu kichomwe moto. Baba, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, aliipenda sana sheria hiyo nilipomsomea. Alisema aliyeitunga alijua nyama, na alijua watu: huwezi kummaliza ng'ombe siku moja peke yako, kwa hiyo sheria inakulazimisha uite majirani.

Zipo sadaka za aina tano katika sura hizo. Ya kuteketezwa inakwenda yote motoni isipokuwa ngozi, ambayo ni ya kuhani. Ya unga haina damu kabisa. Ya amani nimeishaisema. Zimebaki ya dhambi na ya hatia. Wahubiri wetu wengi wanaijua ile ya dhambi tu, na hata hiyo wanaijua nusu.

Bucha lilikuwa la Mkristo, lakini mchinjaji alikuwa Mwislamu, kama ilivyo desturi sehemu nyingi za Tanzania, ili nyama ilike kwa kila mteja. Tulimwita Babu. Alifika kabla ya alfajiri, kanzu ameikunja kiunoni, nami nilimpokea kisu. Shikamoo Babu. Marahaba, mjukuu wangu, umeamka? Ng'ombe akilazwa na kuelekezwa kibla, Babu alisema Bismillahi, akapitisha kisu mara moja, akakifuta, akaenda kukaa juu ya debe lililofudikizwa akanywa chai. Kazi yake iliisha kabla chai haijapoa. Yetu ilikuwa ndiyo inaanza: kusubiri damu ishuke yote, kuchuna, kupasua, kutenga, kuosha utumbo, kupasua mifupa kwa shoka, mpaka jua linachomoza. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba kuchinja ni jambo fupi. Anayedhani kwamba kazi ya bucha ni kuua hajawahi kufanya kazi ya bucha.

Kitabu cha Walawi kinasema vivyo hivyo, na hilo ndilo lililonishika. Katika sura ya kwanza anayemchinja ng'ombe si kuhani. Ni yule aliyemleta. Mkulima au mchungaji wa mifugo ndiye anaweka mkono juu ya kichwa cha mnyama wake na kumchinja mbele ya hema ya kukutania. Kazi ya kuhani inaanza pale damu inapoanza kukingwa. (Ndege tu ndiye anayeuawa na kuhani mwenyewe, kwa kumnyonga shingo.) Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliotengenezwa mnamo mwaka 200, unasisitiza kwamba sadaka iliyochinjwa na asiye kuhani, na mwanamke, hata mtumwa, ni halali. Kupokea damu na kuipeleka madhabahuni hakukuwa halali ila kwa kuhani. Ukitaka kujua watu wanaona nini kuwa kitakatifu, angalia wanamkataza nani kukigusa.

Mishna hiyo hiyo inaeleza machinjio ya hekalu la Yerusalemu kwa namna ambayo mtu wa bucha anaweza kutembea ndani yake. Upande wa kaskazini wa madhabahu palikuwa na pete 24 sakafuni za kumzuia mnyama. Palikuwa na nguzo fupi 8, juu yake magogo ya mierezi yaliyopigiliwa kulabu za chuma za kutundikia, na katikati ya nguzo meza za marumaru za kuoshea na kuchunia. Kila siku, asubuhi na jioni, mwana-kondoo mmoja. Sikukuu ya Pasaka ndiyo ilikuwa balaa. Yosefu, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anadai kwamba mwaka mmoja wana-kondoo waliochinjwa walihesabiwa wakazidi 255,000, na muda wa kuchinja anautaja kuwa tangu saa tisa hadi saa kumi na moja. Piga hesabu: ni zaidi ya 2,000 kwa dakika. Namheshimu Yosefu kwa mengi, lakini hapo alikuwa anatuuzia nyama pamoja na mfupa.

Sasa tuje kwenye neno. Kiebrania kina jina moja linalobeba sadaka zote hizo: korbani. Yesu analitaja katika Marko sura ya saba, na wafasiri wetu wakaliacha lilivyo. Mzizi wake ni herufi tatu ambazo Waarabu nao wanazo, na kutoka kwa Waarabu zimefika mlangoni kwako: karibu. Korbani ni kitu kilicholetwa karibu. Maneno mengine ya sadaka yamejaa katika Kiswahili. Dhabihu na madhabahu ni mzizi mmoja wa kuchinja, kwa Kiarabu na kwa Kiebrania. Vijana wanaopiga gitaa madhabahuni Jumapili wamesimama, kwa maana halisi ya neno, machinjioni. Kafara ya watu wa pwani, ile ya kuondoa mkosi, ni ndugu wa kipper, neno la Kiebrania ambalo kitabu cha Walawi kinalitumia kila damu inapofanya kazi yake. Wafasiri wa Union hawakulitaka neno kafara. Labda lilinuka uganga. Wakachagua upatanisho. Ni neno zuri, ila limehamisha jambo kutoka kusafisha na kulipeleka kwenye kesi ya watu wawili waliogombana.

Nasema kusafisha kwa sababu. Rabi mmoja Mmarekani, Jacob Milgrom, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake juu ya kitabu hiki kimoja, na buku la kwanza la ufafanuzi wake lilitoka mwaka 1991. Hoja yake kubwa ni kwamba sadaka tunayoiita ya dhambi ingeitwa vizuri zaidi sadaka ya utakaso. Angalia damu yake inakwenda wapi. Mkosaji hamwagiwi. Inapakwa kwenye pembe za madhabahu, inanyunyizwa mbele ya pazia, na mara moja kwa mwaka inafikishwa ndani kabisa, kwenye kiti cha rehema. Dhambi ya watu huchafua nyumba ya Mungu hata watu wakiwa mbali, na damu, kwa kuwa uhai umo ndani yake, ndiyo sabuni ya nyumba hiyo.

Nilipomaliza kumsoma Milgrom nilimkumbuka Mama. Alikuwa mlokole. Uamsho ule ulioanza Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ulikuwa umefika Ugogoni kabla sijazaliwa, nao uliimba damu asubuhi na jioni. Wimbo wao, Tukutendereza, nauota mpaka leo. Katika malezi yale hukusikia sana habari za Mungu anayedai adhabu ilipwe. Ulisikia kuoshwa. Mama alisema damu kama mtu anavyosema sabuni, huku anafua. Nikaona ajabu kwamba mwanamke wa Kongwa asiyejua Kiebrania na rabi wa California wamefika kisima kimoja kwa njia mbili.

Na mbuzi wawili? Hapo ndipo mahubiri yetu huchanganya mambo zaidi. Siku ya Upatanisho, Walawi 16, wanaletwa mbuzi wawili, kura inapigwa. Mmoja ni wa Bwana: anachinjwa, damu yake inaingia ndani kusafisha. Hakuna dhambi iliyowekwa juu yake. Wa pili ni wa Azazeli: kuhani mkuu anamwekea mikono yote miwili kichwani, anaziungama juu yake dhambi zote za wana wa Israeli, kisha anapelekwa jangwani, hai. Yaani mbuzi aliyechinjwa hakubebeshwa dhambi, na aliyebebeshwa dhambi hakuchinjwa. (Zamani za hekalu la mwisho, Mishna inasema, walimsukuma kwenye genge; nadhani ni ili asirudi mjini na mzigo wake, hofu ya kibinadamu kabisa.) Mhubiri anayesema kwamba mnyama alikuwa anauawa badala ya mwenye dhambi amewaunganisha mbuzi wawili kuwa mmoja.

Hata ule mkono mmoja unaowekwa kichwani, katika sadaka za kawaida, sidhani kama ulikuwa unahamisha dhambi. Sadaka ya amani nayo inawekewa mkono, na ile ni ya furaha. Mnadani nimewaona wanunuzi: bei ikikubalika mtu anamwekea ng'ombe mkono, maana yake huyu ni wangu. Nadhani ndiyo ile ile. Huyu ni wangu, namtoa mimi, mnihesabie mimi.

Wakristo wa kwanza hawakuziacha sadaka hizo mara moja. Hili huwashangaza sana wanafunzi. Kitabu cha Matendo kinawaonyesha mitume wakipanda hekaluni saa ya kusali, na katika sura ya 21 Paulo mwenyewe, baada ya safari zake zote na nyaraka zake kali, anaingia hekaluni kuwagharimia watu wanne waliokuwa na nadhiri, ambao kwa sheria ya Hesabu sura ya 6 kila mmoja alidaiwa kondoo watatu. Paulo huyo huyo alikuwa amekwisha kuwaandikia Wakorintho kwamba Kristo ni Pasaka yetu. Kwake mambo hayo mawili hayakugombana.

Tena aliposema Pasaka hakuwa anasema sadaka ya dhambi. Mwana-kondoo wa Pasaka hakuondoa dhambi za mtu; damu yake iliwekwa mlangoni na nyama yake ikaliwa usiku, nyumba nzima. Yohana anaisogeza saa ya msalaba iangukie siku ya maandalio, wana-kondoo wanapochinjwa, na anakumbusha kwamba Yesu hakuvunjwa mfupa, kama sheria ya Kutoka ilivyoagiza juu ya mwana-kondoo yule. Lakini ni Yohana huyo huyo ambaye katika sura ya kwanza mwana-kondoo wake anaiondoa dhambi ya ulimwengu. Kwa hiyo ndani ya Agano Jipya lenyewe nyama za mabucha mawili zimekwisha kuwekwa kwenye kapu moja. Na nisiwe mkaidi: Isaya 53 inamsema mtumishi anayebeba maovu ya wengi, na nafsi yake inaitwa kwa neno lile la sadaka ya hatia. Wanaosema badala yetu hawakulitoa hewani. Ninachowapinga ni kusema kwamba ndilo neno pekee.

Mwaka 70 jambo lilikatika. Warumi wakiongozwa na Tito waliuzingira mji wa Yerusalemu, sadaka ya kila siku ikakoma kwa kukosa watu wa kuitoa, na wiki chache baadaye hekalu likaungua. Wayahudi na Wakristo wote wawili wakabaki na vitabu vya kuchinja bila machinjio. Marabi walijibu kwa namna yao: wanasimulia kwamba Yohanani ben Zakai alimtuliza mwenzake aliyelia mbele ya magofu, akamwambia upatanisho mwingine umebaki, nao ni matendo ya rehema, akitegemea maneno ya Hosea. Wakristo wakajibu kwa Kristo. Napenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba ni ndugu wawili waliofiwa siku moja.

Jibu la Kikristo lililo refu kuliko yote ni Waraka kwa Waebrania. Aliyeuandika hajulikani; Origene, mhubiri wa karne ya tatu, alisema ni Mungu tu anayejua. Mwandishi huyo anaichukua Siku ya Upatanisho na kumfanya Yesu kuhani mkuu na sadaka kwa pamoja. Lakini angalia macho yake yako wapi. Hakai sana msalabani. Misumari haisemi. Anachokitazama ni kuingia: kuhani anapita pazia, anaingia patakatifu na damu, na safari hii pazia linabaki wazi nyuma yake. Kisha anaketi. Mtoto wa bucha anaelewa uzito wa kuketi huko, kwa maana mwandishi mwenyewe anasema makuhani wa zamani walisimama kila siku wakihudumu. Kazi haikwisha, kesho ng'ombe mwingine. Na kila anapofika kwenye wito wake anatumia neno moja, sura ya 4, ya 7, ya 10: tukaribie. Ni ile korbani tena, imerudi kwa mlango wa Kigiriki.

Tena ni mwandishi mwangalifu. Anaposema vitu husafishwa kwa damu, anatanguliza kusema karibu vyote. Alijua kilichomo katika Walawi sura ya 5: maskini asiyeweza hata njiwa wawili alete sehemu ya kumi ya efa ya unga safi, kama lita mbili hivi, bila mafuta wala ubani, na unga huo utahesabiwa sadaka ya dhambi, naye atasamehewa. Bila tone la damu. Nimewahi kuona mwinjilisti mmoja aliyehubiri miaka ishirini akiusoma mstari huo mbele yangu mara tatu, akageuza jalada kuangalia kama ni Biblia kweli. Njiwa nao tunawajua kwa Mariamu: Luka anasema alipomtoa mtoto hekaluni alileta ndege wawili. Ndiyo sadaka ya asiye na uwezo wa kondoo.

Karne ya pili kulikuwa na mtu aliyetaka yote hayo yatupwe. Marcion alikataa Agano la Kale lote, na kanisa la Roma likamtenga mwaka 144. Waliobaki wakalazimika kuzila sura za Walawi, na kila mmoja alizitafuna kwa meno yake. Justino, mzaliwa wa Flavia Neapoli, ambayo leo ni Nablus, alieleza kwamba mwana-kondoo wa Pasaka alipochomwa alipitishwa mti mmoja toka chini hadi kichwani na mwingine mgongoni, wa kushikia miguu ya mbele, akaona msalaba. Watu hudhani aliota. Mimi nimewaona vijana wa wafugaji wakimbanika mbuzi mzima pembeni ya moto, na bila mti wa kukingamisha hafunguki, anaiva nje huku ndani ni mbichi. Tena Justino alizaliwa chini ya mlima Gerizimu, ambako Wasamaria wanachinja kondoo wa Pasaka mpaka leo. Huenda alikuwa anasema alichokiona utotoni. Ni Justino pia aliyeuona mkate wa Ekaristi katika sadaka ya unga safi ya mwenye ukoma aliyetakasika.

Origene alihubiri Walawi huko Kaisaria katika karne ya tatu. Zimebaki hotuba 16, kwa Kilatini cha mfasiri wake Rufino. Alipofika kwenye amri ya kumchuna ng'ombe wa kuteketezwa, alisema kuhani anayechuna ngozi ni yule anayeliondolea neno la Mungu gamba la herufi ili viungo vya ndani vionekane. Nampenda Origene kwa hilo, ingawa nashuku hajawahi kuchuna. Anayechuna anajua kwamba ngozi si takataka. Ngozi ndiyo kitu cha kwanza kupata mnunuzi.

Baada yake mambo yalikwenda kwa kasi nami sitakaa sana. Mezani pa mkate na divai pakaanza kuitwa madhabahu, na msimamizi wake kuhani. Sipriano wa Kartago, karne hiyo ya tatu, anasema waziwazi kwamba kuhani hutoa kile Kristo alichokitoa. Wakatoliki wa kwetu wanaipokea hostia bila kujua kwamba kwa Kilatini hostia ni mnyama wa kuchinjwa. Mwaka 1098 mwanatheolojia Anselmo akamaliza kitabu chake cha kwa nini Mungu alifanyika mtu, akausema msalaba kwa lugha ya heshima iliyovunjwa na deni lake. Miaka mia nne na zaidi baadaye Calvin, aliyesomea sheria, akauhamishia mahakamani. Luther mwaka 1520 akakana kwamba Misa ni dhabihu. Mtaguso wa Trento, tarehe 17 Septemba 1562, ukajibu kwamba ni dhabihu kweli, tena ya upatanisho. Ugomvi huo ukapanda meli ukatufikia. Waanglikana wa Unguja na Masasi, watoto wa misheni ya UMCA, wanasema Misa. Sisi wa Dodoma tuliolelewa na misheni ya CMS tunasema Chakula cha Bwana. Kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873 kwenye uwanja wa soko la watumwa, madhabahu yake husimuliwa kuwa imesimama pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Sijawahi kuingia humo nikaweza kulisikia neno madhabahu kwa wepesi.

Mtu wa mwisho nitakayemtaja ni Mary Douglas, Mwingereza Mkatoliki aliyeishi na Walele wa Kasai, Kongo, akijifunza wanyama gani wanaliwa na wepi hawaliwi, kisha akamalizia maisha yake akisoma Walawi. Kitabu chake cha mwaka 1999 kina jambo moja ambalo nilipolisoma nilisimama. Anasema mnyama aliyepasuliwa kwa mpangilio wa Walawi ni picha ya mlima Sinai na ya hema. Nyama ya kawaida ni bonde wanaposimama watu. Matumbo ya ndani kabisa ni kilele. Na katikati, kati ya watu na kilele, kuna wingu lisilopitika. Wingu hilo ni mafuta ya figo. Ndiyo maana hayaliwi.

Sijui kama Mwisraeli mwenye kisu mkononi aliwaza hivyo. Ninachojua ni jinsi yale mafuta yanavyoonekana alfajiri, kwa taa ya chemli, mnyama akiwa bado ana joto na mvuke unapanda.

Mwaka jana nilialikwa sikukuu ya mavuno katika mtaa mmoja wa Kongwa. Watu walileta uwele, mtama, karanga, alizeti kwa debe, na kuku waliofungwa miguu, wakaviweka vyote mbele pale madhabahuni. Bibi mmoja alileta jogoo mwekundu. Tulipofika kwenye maneno ya mwili na damu jogoo akawika, mara mbili, watoto wakacheka, mchungaji akangoja amalize. Baada ya ibada mnada ukafanyika chini ya mti, kama kawaida. Jogoo akapandishwa bei mpaka shilingi 14,000, akanunuliwa na mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa adabu ya kwetu akamrudishia bibi.

Bibi akakataa. "Nimeshamtoa, mwanangu. Nikimrudisha nyumbani nitakuwa nimefanya nini? Mchinjeni mle, na mimi mniite."

Basi jioni tukakaa nyumbani kwa mwalimu, watu kumi na wawili kwa jogoo mmoja, ugali mwingi. Bibi alikaa mkekani karibu na mlango. Firigisi akapewa mzee wa nyumba. Mimi mgeni, tena mchungaji, nikatengewa paja. La kuume au la kushoto, sikuuliza.